UZI: Kusoma riwaya ya upelelezi yenye kona nyingi bila kupotezwa njiani

Kalamu_Section58 (Nakuru)

Habari zenu wadau. Kikundi cha kusoma hapa Nakuru kinaingia kwenye riwaya za upelelezi, na malalamiko ni yale yale: wahusika ni wengi, saa zinachanganya, kona (pale kisa kinapogeuka ghafla) ya tatu ikifika msomaji ameshachoka anafungua kurasa tu ili afike mwisho. Naweka utaratibu hapa, wenye ujuzi waongezee.

Chukua daftari dogo na penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu nusu ya utakayoandika utayafuta. Tenga kurasa nne. Wa kwanza ni wa watu: jina, umri, uhusiano na marehemu, na anapata au anapoteza nini marehemu akifa. Andika pia ukurasa wa kitabu alikotajwa mara ya kwanza. Wa pili ni wa saa. Wa tatu ni wa vitu: funguo, barua, kikombe, viatu, chochote kilichotajwa kwa jina bila sababu ya wazi. Wa nne ni wa maswali ambayo mpelelezi ameuliza na hayajajibiwa. Huo wa nne ndio wengi wanauruka, na ndio unaolipa kuliko yote. Mwandishi mzuri hugeuza mazungumzo swali likiwa bado liko hewani, na ukifika sura inayofuata umeshalisahau.

Jambo moja lishikeni kabisa: kila taarifa ina mwenyewe. Mbele ya kila mstari andika M kama ni msimulizi aliyesema, au jina la mhusika kama ni maneno ya mhusika. Mhusika anaruhusiwa kudanganya. Msimulizi aliye nje ya kisa haruhusiwi kudanganya, ila anaruhusiwa kunyamaza. "Alimkuta mzee ameinamia meza, kimya" si sawa na "alimkuta mzee amekufa". Sentensi ya kwanza haijasema kifo kimetokea. Huenda mzee alikuwa amelewa dawa ya usingizi, na aliyemuua ni huyo huyo aliyeingia "kumwamsha" mbele ya wenzake. Msomaji mwenye haraka huandika "saa tatu, mzee ameshakufa", na kuanzia hapo kila hesabu yake inakwenda kombo.

Mkasa_Milimani (Kisumu)

Misawa! Utaratibu mzuri, omera. Niongeze mahali vidokezo vinapofichwa, maana vina makao yake.

Cha kwanza ni katikati ya orodha. Tunga mfano hivi: "Sebule ilikuwa kama alivyoiacha asubuhi. Redio juu ya kabati, magazeti mawili, mwavuli uliolowa kando ya mlango, birika la chai, na picha ya baba yake ukutani." Jicho la msomaji hushika redio kwa sababu imeanza na picha ya baba kwa sababu imemaliza, tena ina hisia. Mwavuli uliolowa unapita. Sura mbili nyuma mfanyakazi wa nyumbani amesema hakuna aliyebisha hodi tangu mvua ianze. Hapo ama mfanyakazi anadanganya, ama aliyeingia hakuhitaji kubisha kwa sababu ana ufunguo. Mwandishi hajakuficha chochote, amekipa tu kidokezo majirani wenye sauti kubwa.

Makao ya pili ni mstari mmoja kabla ya kelele. Kidokezo kinasemwa, papo hapo mtu anapiga mayowe, kikombe kinaanguka, polisi wanafika. Ukiona tukio la ghafla, rudi nyuma aya moja uisome tena polepole.

Ya tatu ni kabla ya mauaji. Kurasa za mwanzo tunazisoma kama utambulisho, tukisubiri mtu afe ndipo tuanze kuwa macho. Waandishi wa kisa chenye kona nyingi wanajua hivyo, na mara nyingi wanaweka pale kitu kizito kuliko vyote.

Halafu kuna kidokezo cha kitu ambacho hakipo. Mbwa hakubweka. Mjane hakuuliza mumewe amekufaje. Hicho hakiandikiki kwenye ukurasa wa vitu, kwa hiyo kipelekeni kwenye ukurasa wa maswali.

BintiMumias

Mulembe wote. Swali langu: nitajuaje kidokezo cha kweli na kile cha kunipoteza? Naona vyote vinafanana.

Kalamu_Section58 (Nakuru)

Dada BintiMumias, tazama kinaelezwa mapema au la. Kidokezo cha kupoteza hupigiwa debe: mpelelezi msaidizi anakishangilia, polisi wanamkamata mtu kwa ajili yake, wahusika wanakijadili kurasa nzima. Cha kweli hutajwa mara moja au mbili na hakuna anayekigusa. Lakini usikifute hata kile cha kupoteza, kwa sababu nacho kina maelezo yake. Aliyekutwa na damu kwenye shati bila kuwa muuaji alikuwa anaficha jambo lingine, labda mkopo, labda mtoto wa nje. Katika riwaya yenye kona nyingi kila mtu ana siri, na kazi yako ni kutenga siri zinazohusu kifo na zile zinazohusu aibu tu.

Tena pimeni unene wa kitabu mkononi. Suluhisho likitolewa huku robo ya kitabu imebaki, hilo si la mwisho. Usilitupe, liandike na ujiulize ni ushahidi upi halikuueleza. Kona inayofuata itaanzia hapo hapo.

Koti_Jeupe (Kisumu)

Nizungumzie maiti, kwa sababu saa ya kifo ndiyo nguzo ya visa vingi na ndiyo inayopindwa zaidi.

Mwili huanza kukakamaa saa mbili hadi sita hivi baada ya kifo, kwa kawaida kuanzia taya na shingo, na hufikia ukakamavu kamili baada ya saa kumi na mbili hivi. Kisha hulegea tena siku moja hadi mbili baadaye. Joto huharakisha, baridi huchelewesha. Damu nayo huteremka upande ulio chini. Mabaka yake huanza kuonekana ndani ya saa mbili za kwanza, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi hayahami tena. Maiti ikikutwa imelala kifudifudi huku mabaka yako mgongoni, imegeuzwa au imehamishwa baadaye. Mwandishi akitaja rangi ya mgongo wa marehemu, iandikeni hata kama daktari wa kwenye kitabu hakusema kitu.

Joto la mwili ndilo linalowadanganya wasomaji wa huku. Ile hesabu kwamba maiti hupoa nyuzi moja kila saa inafaa chumba chenye baridi. Mchana wa Kisumu hewa inaweza kufika nyuzi 30, na mwili ulio hai una 37. Tofauti ni nyuzi saba tu, kwa hiyo mwili unapoa polepole mno na daktari hawezi kusema saa kwa uhakika kwa kushika mkono wa marehemu. Usiku wa Julai kule Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mambo ni mengine kabisa. Riwaya iliyowekwa kandokando ya ziwa halafu mpelelezi anatangaza "alikufa saa nne na robo" kwa kugusa shavu imekosea, au inakutega. Mara nyingi ni mtego ikiwa chumba kilikuwa na feni, barafu au moto wa makaa.

Na sumu: muda wake wa kufanya kazi ni ushahidi. Sianidi huua kwa dakika. Aseniki kwa dozi ndogo ndogo hufanana na ugonjwa wa tumbo wa wiki nyingi, kwa hiyo aliyekuwepo mezani siku ya kifo si lazima ndiye. Ile harufu ya lozi chungu ya sianidi si kila mtu anaweza kuinusa, ni suala la kurithi. Mhusika akisema hakunusa kitu, huenda anasema kweli.

Lanet_Msomaji

Asante sana daktari. Kuna jambo la mwanga na saa, hasa kwa wanaosoma riwaya za Uingereza au tafsiri zake.

Sisi tuko kwenye ikweta. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na kukaribia saa moja, mwaka mzima, na baada ya dakika ishirini na kitu ni giza. Tukisoma kwamba shahidi alimtambua mtu bustanini saa tatu usiku bila taa, tunapiga mstari mwekundu: mwongo huyu! Lakini London mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku. Shahidi yuko sawa. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anayedai kumwona mtu upande wa pili wa shamba saa kumi na moja jioni ndiye wa kuulizwa. Kabla ya kumhukumu shahidi, tafuteni mwezi na nchi.

Kwenye ukurasa wa saa tumieni mfumo mmoja tu. Ukinakili saa za kitabu cha Kiingereza kama zilivyo na za kitabu cha Kiswahili kama zilivyo, saa sita zinapotea katikati. Safu ziwe nne: saa, mahali, nani amesema, nani mwingine amethibitisha. Safu ya nne ikibaki tupu, hiyo saa haijathibitishwa, hata kama anayeitaja ni padri.

Stendi_Kakamega

Ushahidi wa mshukiwa kuwa mahali pengine wakati wa mauaji umebadilika, na riwaya zinazoandikwa kwetu sasa zinautumia tofauti. Katika zile za treni za Uingereza ratiba ndiyo kila kitu, dakika tatu zinatosha kumtia mtu hatiani. Huku matatu huondoka ikijaa. Mshukiwa anayesema "nilipanda ya saa mbili kamili kutoka Nakuru kwenda Kisumu" hajathibitisha lolote, na mwandishi anayejua barabara hiyo ya Kericho anakuwekea kauli hiyo makusudi.

Kinachoshika sasa ni simu. Ujumbe wa M-Pesa una nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10, kiasi, jina, tarehe, saa na salio. Tatu za mwanzo hufuata tarehe. Ya kwanza ni mwaka: 2024 ilikuwa S, 2025 ikawa T. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ya tatu ni siku: tarehe 1 hadi 9 ni tarakimu yenyewe, tarehe 10 ni A, na kuendelea hadi V kwa tarehe 31. Muamala unaoanza na SGR ni wa 27 Julai 2024. Fungueni ujumbe wowote wa zamani mhesabu. Mwandishi akikupa ujumbe mzima pamoja na nambari yake, na nambari haiendani na tarehe iliyoandikwa, ujumbe huo umetungwa. Ni kidokezo safi kabisa kwa sababu kiko wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Lakini hata ulio halali unathibitisha simu na namba ya siri tu. "Simu ilikuwa Kericho" na "mtu alikuwa Kericho" ni mistari miwili tofauti kwenye daftari.

Nyar_Siaya

Nami nina la majina. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox aliandika kanuni kumi za riwaya ya upelelezi, na mojawapo inakataza kuleta pacha ghafla bila msomaji kuandaliwa. Sasa, kisa kikiwekwa Nyanza kwa Waluo, maandalizi yanaweza kuwa ndani ya jina. Opiyo au Apiyo ni pacha aliyetangulia, Odongo au Adongo ni aliyefuata, na Okello au Akelo ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Ukoo ukiwa na Okello halafu hakuna mapacha wanaotajwa popote, uliza wako wapi. Kwa Wabukusu angalia Mukhwana na Mulongo.

Tahadhari: jina linaweza kurithiwa kutoka kwa babu au nyanya aliyefariki, kwa hiyo peke yake halitoshi. Mwandishi mwenye haki atakuongezea la pili, kama picha ya zamani yenye watoto watatu au kaburi dogo nyuma ya nyumba.

Mkasa_Milimani (Kisumu)

Nyar_Siaya, hilo ni dhahabu. Na linawahusu pia wanaosoma Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ilitoka 1960, na fumbo lake mara nyingi limejificha kwenye nasaba, nani ni mtoto wa nani, kuliko kwenye silaha. Kwa vitabu vya namna hiyo chora mti wa ukoo kuanzia sura ya kwanza, na uache nafasi tupu juu ya kila mtu ambaye baba au mama yake hajatajwa. Nafasi tupu ndizo utakazorudia.

Wakili_wa_Kondele

Kuhusu mali, kwa visa vya Kenya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamnyima muuaji urithi wa aliyemuua. Kwa hiyo mrithi anayeua anahitaji ionekane ajali, au mtu mwingine ahukumiwe. Hiyo peke yake inaeleza kwa nini muuaji katika riwaya anahangaika kumtengenezea mwenzake ushahidi.

Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na mwenye wosia awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Oneni nguvu ya hapo: mzee ametamka wosia kitandani, akapata nafuu, miezi mitatu inakaribia kwisha. Anayefaidika ana tarehe ya mwisho, na aliyetengwa ana sababu ya kumtunza mzee kwa moyo wote. Wosia wa maandishi nao hufutwa na ndoa inayofuata, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuikusudia ndoa hiyo na mtu huyo. Harusi ya ghafla sura ya nne si mapambo.

BintiMumias

Nimeelewa mengi, asanteni. Ila hizo kanuni, za Knox na hata ile yako Kalamu ya msimulizi, nazipinga. Mwandishi wa leo akitaka msimulizi awe mwongo, nani amkataze? Kona inayonishangaza ndiyo ninayoitaka.

Kalamu_Section58 (Nakuru)

Dada, hata waandishi wa enzi za Knox walibishana vikali. Mwingereza Agatha Christie alitoa riwaya moja mwaka 1926 iliyogawanya wasomaji kwa ajili ya msimulizi wake, na mwandishi wa Marekani S. S. Van Dine akaandika kanuni zake 20 mwaka 1928, kabla ya Knox. Hakuna aliyefungwa nazo. Mimi nashikilia jambo moja tu, na hapo siachi: kona lazima iwe na makazi nyuma. Kushangaza ni rahisi, yeyote anaweza kumleta mtu asiyejulikana ukurasa wa mwisho.

Ukimaliza kitabu, rudi mahali muuaji alipoonekana mara ya kwanza, soma tena kurasa kumi ukijua alichofanya. Je, kila sentensi ya msimulizi bado inasimama? Kama msimulizi mwenyewe ndiye mwongo, kuna mahali alijikanyaga ukiwa humwangalii? Na je, mshukiwa mwingine angeingia mahali pake na ushahidi wote ukamkaa vile vile? Jibu la hilo la mwisho likiwa ndiyo, mwandishi hakutatua fumbo, alichagua tu jina.

Makosa ya kona mbovu yanajirudia. Mtu mpya anaingia baada ya theluthi mbili za kitabu. Mpelelezi anaokota kitu, anakitia mfukoni, na hatuambiwi ni nini hadi ungamo. Chuki ya miaka ishirini inatajwa mara ya kwanza na muuaji mwenyewe akiwa amefungwa pingu. Kona tano mfululizo zinavunjana, kiasi kwamba ya nne inafanya ya kwanza isiwezekane. Hilo la mwisho mtaliona kwenye ukurasa wenu wa saa: mtu mmoja mahali pawili.

Rafu_ya_Juu (Nakuru)

Kwa wanaonunua vitabu vilivyotumika, hapa mjini au Kisumu: kabla ya kulipa fungua mwisho wa kitabu bila kusoma, tazama namba za kurasa tu. Vitabu hushonwa au kugundishwa kwa mafungu, kwa kawaida ya kurasa 16 au 32, na gundi ikikauka fungu zima la mwisho hung'oka. Riwaya nyingine bila kurasa 16 bado inasomeka, ya upelelezi haisomeki. Pinda mgongo kidogo usikie kama unalia, kisha hesabu namba kwenye maungio. Pekua pia kurasa za mwanzo kwa haraka, kuna wasomaji wenye tabia mbaya ya kuandika jina la muuaji pembeni ya orodha ya wahusika. Ukiazima maktaba ya umma, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, penseli yako ibaki kwenye daftari lako.

Na usisome dibaji kabla. Dibaji za matoleo ya shule hueleza kisa chote hadi mwisho. Maneno ya nyuma ya jalada nayo mara nyingi hutaja kifo cha pili.

Lanet_Msomaji

Kalamu, kikundi kisimame wapi? Tukisoma chote kwa pamoja wenye mbio watatoboa siri.

Kalamu_Section58 (Nakuru)

Simameni mara tatu, msihesabu sura. Mara ya kwanza ni washukiwa wote wakishahojiwa mara moja. Ya pili ni baada ya kifo cha pili, au baada ya suluhisho la kwanza kuvunjika. Ya tatu ni kabla tu ya mpelelezi kuwakusanya watu. Kila kituo, kila mmoja anaandika kwenye karatasi nani, kwa njia gani, na kurasa zisizopungua tatu zinazomuunga mkono, kisha karatasi inakunjwa na kuwekwa kwenye bahasha bila kujadiliwa. Anayekuja na jina bila kurasa amekisia, hapati alama. Aliyekosa jina lakini akaonyesha kurasa sahihi za saa ya kifo anapata zaidi ya aliyepata jina kwa bahati.

Mjadala wenyewe uanze na ukurasa wa maswali, si na muuaji. Someni maswali moja moja mtafute lilijibiwa ukurasa gani. Yatakayobaki bila jibu, leteni hapa na jina la kitabu kwenye kichwa cha ujumbe, ili asiyemaliza apite mbali.